Karata Nyuma ya Mkanda

Kuiga picha ndani ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris, si jambo la kujiendea tu na brashi zako mkononi. Unaandika kuomba kibali, unataja picha unayoitaka, halafu unasubiri, maana foleni ni ndefu. Ukikubaliwa unapewa miezi 3, na saa zako ni za asubuhi, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa saba na nusu mchana, basi. Stendi ya mbao na kigoda ni vya makumbusho. Rangi, brashi na kanvasi unajitegemea. Masharti mawili hayana mjadala. Nakala yako isilingane ukubwa na picha ya asili: ipungue au izidi kwa moja ya tano angalau. Na sahihi ya mchoraji usiinakili. Kanvasi hugongwa mhuri mgongoni, asije akatokea mjanja wa kuiuza kesho kwa jina la marehemu.

Niliposoma masharti hayo nilicheka peke yangu. Kazi hii mimi nimejifunzia Oysterbay, Dar es Salaam, kwenye mabanda ya Tingatinga karibu na Morogoro Stores, na pale kuiga hakuombewi kibali. Ndiyo njia ya kuingilia. Kijana mgeni huanza kwa kupaka rangi ya nyuma ya picha, baadaye anajazia madoa ya chui, baadaye tena anachora tembo kama wa mwalimu wake mpaka mkono ukubali. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi zinazopakwa baiskeli, akafariki 1972 akiacha kundi dogo la wanafunzi, wengine wao ndugu zake. Wanafunzi wale wasingemwiga, na wao wasingeigwa, leo kusingekuwa na kitu cha kuitwa Tingatinga. Watalii hulalamika kwamba kila banda lina twiga yuleyule. Ni kweli, lakini twiga huyo amesomesha watu.

Kwa hiyo sikwenda Ufaransa kujifunza kuiga. Nilikwenda kujifunza rangi ya mafuta ile ya wachoraji, inayokaa siku kadhaa bila kukauka, na nilitaka niijifunze kwenye picha yenye watu wengi. Rangi ya kopo ina haraka zake. Ukishaiweka inashika, na ukiirudia ikiwa imeanza kushika inachafuka. Kwa hiyo fundi wa Tingatinga huamua yote kabla hajachovya brashi. Rangi ya mafuta ya kitani inakuruhusu ubadili mawazo. Na watu ni kesi nyingine kabisa. Twiga ukimweka katikati ya ubao anajitosheleza, atakayemzunguka ni ndege na vichaka vya kujazia. Weka watu wanne mezani uone: ukimsogeza mmoja nusu ya kidole, watatu waliobaki wote wanaharibika.

Nilichagua "Tapeli mwenye Ree ya Uru" ya Georges de La Tour, iliyochorwa kati ya mwaka 1635 na 1638 hivi. Iko bawa la Sully, ghorofa ya pili, huko juu kwenye wachoraji wa Ufaransa, mbali na msongamano wa Mona Lisa. Wacheza karata wataielewa kabla hawajaelezwa. Kushoto kuna bwana ametupa kisogo nusu, mkono wake mmoja uko nyuma ya mgongo, na kule nyuma, kwenye mkanda, anachomoa ree ya uru aliyoificha. Kulia kuna kijana tajiri aliyevaa nguo zilizotariziwa mpaka hazina nafasi tena, manyoya kwenye kofia, sarafu za dhahabu mbele yake, anazikodolea macho karata zake. Katikati ameketi bibi wa mjini, lulu shingoni, uso mviringo kama yai. Karibu naye amesimama mtumishi wa kike mwenye kilemba, ana chupa ya mvinyo na glasi iliyojaa. Nyuma yao giza tupu. Hakuna dirisha wala ukuta, hakuna hata kiti cha kukuambia hapa ni nyumbani kwa nani.

La Tour alizaliwa 1593 huko Vic-sur-Seille, katika nchi ya Lorraine, mtoto wa mwoka mikate. Alipata jina na mali wakati wa uhai wake, akafa Lunéville mwaka 1652, na baada ya hapo akasahaulika kabisa. Picha zake ziliendelea kuning'inia kwenye kuta za watu zikiitwa za Le Nain, za Wahispania, za yeyote aliyefaa. Mwaka 1915 Mjerumani Hermann Voss, mtaalamu wa historia ya sanaa, ndiye aliyeanza kuziunganisha tena na mwenyewe. Hii ya tapeli iliibuliwa mwaka 1926 na Pierre Landry, mcheza tenisi aliyependa kukusanya picha, na Louvre ikainunua 1972. Kwa hiyo mtu niliyemsafiria mabara mawili alikuwa hajulikani hata kwa jina wakati babu yangu anazaliwa.

Ila kilichonivutia zaidi ni kwamba picha yenyewe ni ya kuigwa tangu asili. Caravaggio alichora matapeli wake wa karata Roma kwenye miaka ya 1590, na wachoraji wa Ulaya nzima wakaichukua habari hiyo wakaifanya yao. La Tour naye akaichukua. Halafu akajiiga mwenyewe: ipo picha nyingine ya mkono wake, watu walewale wanne, meza ileile, lakini karata ya wizi ni ree ya pau na rangi za nguo zimebadilika. Hiyo iko makumbusho ya Kimbell, Fort Worth, Texas, ambako pia wanayo ile ya Caravaggio. Morogoro Stores wangemwelewa La Tour bila mkalimani. Mteja kapenda, chora nyingine, badilisha kidogo.

Picha ya asili ina sentimita 106 kwa 146. Nilikata kanvasi yangu 80 kwa 110, ikapungua kwa robo na uwiano haukuharibika. Rangi nilinunua Sennelier, duka lililofunguliwa mwaka 1887 kwenye ukingo wa mto Seine, Quai Voltaire, ukitazama ng'ambo unaiona Louvre yenyewe. Hapo nilisimama muda mrefu mbele ya tyubu. Tyubu ya bati ya rangi ilibuniwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla yake wachoraji walikuwa wakihifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe, na kwa kutuondolea hilo nilimshukuru Rand kimyakimya kwa niaba ya mafundi wote wa pwani. Sikununua nyingi. Picha za La Tour zimejengwa kwa rangi za udongo: manjano ya udongo, kahawia, nyekundu, nyeusi ya mifupa, nyeupe. Nyeupe yake ilikuwa ya risasi, ambayo ni sumu. Sisi tunatumia ya titani, na hiyo ni kali na baridi mno, usipoitia chembe ya manjano ngozi ya mtu inageuka chokaa.

Msingi niliupaka chumbani nilikopanga, Montreuil, kahawia nyepesi kanvasi nzima, nikauacha ukauke. Kisha nikachora miraba. Njia ya miraba ni ya kizamani na wengine huidharau, lakini kwenye picha ya watu wengi inakuokoa na jambo moja: inakulazimisha uangalie nafasi zilizo wazi. Mraba mmoja una kiwiko na giza. Giza lile lina umbo lake, na umbo hilo lazima ulipate sawa kama kiwiko chenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kati ya wale watatu wa kushoto na kijana wa kulia kuna mwanya. Wale watatu wamesongamana, mikono inapishana, vichwa viko karibu. Yeye amebaki peke yake upande wake. Kabla hujaiona karata nyuma ya mkanda, ule mwanya umeshakuambia nani ataliwa.

Kwa wasiozoea kazi hii, rangi ya mafuta hupandishwa kwa tabaka, na tabaka la chini lazima liwe na mafuta machache kuliko la juu. Ukikosea mpangilio, la juu linakauka mapema, la chini linaendelea kutambaa, na baada ya miaka picha inapasuka. Basi unaanza na rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini, nyembamba, kahawia tu, ukigawa mwanga na kivuli bila kujali nani amevaa nini. Halafu unapanda. Kila rangi ina mwendo wake: kahawia ya udongo inakauka haraka, nyeusi ya mifupa inachelewa kupindukia. Lile giza la nyuma, ambalo mtu akilitazama anaona weusi mtupu, niliona heri nilijenge kwa kahawia iliyokolezwa, na nyeusi nikaiweka mwishoni kwa uchoyo. Giza la nyeusi tupu ni shimo. Giza la La Tour lina joto, unahisi kuna hewa ndani.

Siku moja nilikuwa nikibishana na mkono wa mtumishi, nikasema kwa sauti, "Sasa wewe kidole kimekuponza nini?" Nyuma yangu mtu akajibu, "Kiache kipumuzike, papa."

Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Lubumbashi aliyehamia Ufaransa zamani, naye ana kibali chake. Alikuwa akiiga picha nyingine ya La Tour iliyo karibu, "Mtakatifu Yosefu Seremala", ambamo mtoto ameshika mshumaa na mwanga unapenya kwenye vidole vyake mpaka vinaonekana vyekundu. Vidole vile, mama alisema, amevipaka na kuvifuta kiasi kwamba anaviota. Tukaanza kusalimiana kila asubuhi kwa Kiswahili, cha kwake na cha kwangu, walinzi wakituangalia. Nilimwita mama, naye hakuacha kuniita papa ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Aliitazama kazi yangu kwa utulivu, kisha akasema maneno yaliyonifaa kuliko kitabu chochote: "Unapenda nguo sana, papa. Angaliya mikono. Mikono njo inasema."

Nilikuwa kweli nimezama kwenye tarizi za yule kijana, maana mtu wa Tingatinga hupenda mahali pa kujazia. Nikageuka kwenye mikono. Katikati ya picha, juu ya meza, La Tour amekusanya mikono kwa makusudi kabisa. Mkono wa mtumishi umeshika glasi. Mkono wa bibi umenyoosha kidole kimoja, kama kwa bahati mbaya, kumwelekea tapeli. Mkono wa tapeli umeshika karata halali, zile za mezani. Ule wa nne, wenye kazi chafu, uko nyuma, na ameugeuza kwetu sisi watazamaji ili tuwe mashahidi. Hakuna mdomo uliofunguliwa. Mazungumzo yote yamepita kwa vidole na macho.

Macho nayo ni darasa la pekee. Jicho la yule bibi kwenye kanvasi yangu lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kope ni nzito, karibu hazina unyoya, na mboni imeteleza pembeni kabisa kiasi kwamba weupe umebaki upande mmoja. Ule weupe si mweupe: ni kijivu chenye kahawia kidogo, na ukiupaka mweupe kweli bibi anashtuka, anageuka mtu aliyeona nyoka. Ukisogeza mboni kuelekea katikati unywele mmoja tu, anakuwa mwanamke mwema anayesubiri zamu yake ya kucheza. Uovu wote wa picha unakaa kwenye upana huo wa unywele. Hilo sikuliona nilipoitazama picha vitabuni, wala niliposimama mbele yake mikono mitupu. Mkono ndio ulioliona, kwa sababu mkono ulilazimika kuamua.

Mama wa Lubumbashi ndiye aliyeleta habari ya Hangar. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana hiyo ya uchoraji katika mji huo, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, akawafundisha vijana kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Kufundisha kwenyewe kulikuwa kuwaachia: hakutaka waige sanaa ya Ulaya, kila mmoja achimbe cha kwake. Matokeo yalikuwa mazuri mno, asiyejua samaki na ndege wa Pilipili awatafute. Mama alijivunia hao, na papo hapo alikuwa na kinyongo. Yule mzungu, alisema, yeye alishaviona vyote kabla hajaamua kwamba wengine wasivione. Nami nikamwambia kwamba kwetu tumepata kasoro ya upande wa pili, tunaigana sisi kwa sisi mpaka twiga anachoka. Tulikubaliana, tukiwa tunakula mkate nje uwanjani baada ya saa saba na nusu, kwamba tatizo si kuiga bali ni kuiga mtu mmoja tu.

Louvre yenyewe tangu ilipofunguliwa mwaka 1793 ilihesabu waigaji kuwa watu wake wa kwanza. Enzi hizo za mapinduzi juma lilikuwa na siku 10, na 5 kati ya hizo walitengewa wachoraji. Umma ulipewa 3, na zilizobaki zilikuwa za usafi. Baadaye kumbi hizi zikawa mahali pa kukutania. Degas na Manet inasemekana walifahamiana humu kwenye miaka ya 1860, Degas akiwa anaiga picha ya binti wa mfalme ya Velázquez. Berthe Morisot alikuwa akinakili Rubens humu mwaka 1868 alipotambulishwa kwa Manet. Kwa wanawake kama yeye hizi kumbi zilikuwa zaidi ya baraza, kwa sababu chuo kikuu cha sanaa cha Paris hakikuwapokea hadi 1897. Hawakuwa na darasa, lakini hakuna aliyeweza kuwazuia wasisimame mbele ya Rubens.

Wapita njia wana maswali yao. Wengi hupiga picha ya nakala na asili pamoja, kisha wanaondoka bila kuitazama hata moja. Watoto wa shule ndio waulizaji wa kweli. Mmoja aliyekuja na mwalimu wake hakutaka kujua kwa nini narudia kitu ambacho kipo tayari, swali ambalo watu wazima hawalichoki. Alitaka kujua yule kijana ana pesa kiasi gani mezani. Tukahesabu sarafu pamoja, nikagundua kwamba moja nilikuwa bado sijaipaka.

Siku ya kuondoka ofisini walipima kanvasi kwa futi, wakaangalia mhuri mgongoni, wakaangalia ukingo wa meza mahali ambapo La Tour ameandika kwa Kilatini kwamba ni yeye aliyeifanya. Pangu palikuwa na kivuli tu. Wakanipa karatasi ya kutokea. Mama wa Lubumbashi alinifundisha kukunja: rangi iwe nje, si ndani, kuzunguka bomba pana, maana ikikunjwa kwa ndani inajikamua na kufanya makunyanzi. Watu wengi hufanya kinyume wakidhani wanailinda.

Sasa imetundikwa kwenye fremu ya mninga, haijapata vanishi. Vanishi ni baada ya miezi 6 au mwaka, rangi ikishakauka mpaka chini, na unyevu wa Dar es Salaam hauna haraka hiyo. Niliipeleka Morogoro Stores ili mafundi waione. Mzee mmoja aliyenifundisha kupaka mandhari aliisogelea, akaipita tarizi, akaenda moja kwa moja kwenye mkanda, akaguna. Ubishi uliofuata ulikuwa juu ya mtumishi. Upande mmoja ulisema yumo kwenye njama, glasi ile ni ya kumlevya kijana. Upande mwingine ulisema yule ni mwajiriwa tu, ameletwa kumimina mvinyo, na kama ameona basi ameona kama watumishi wanavyoona kila siku, bila kusema. Mzee alitaka kujua mimi nilipokuwa namchora nilikuwa namchukulia vipi. Nikamwambia asubuhi nyingine hivi, asubuhi nyingine vile. "Basi rudi ukamalize," akasema, na tayari alikuwa ameshachukua kipande cha hadibodi na penseli, anapima kichwa cha bibi kwa kidole gumba, akiuliza kama kuna ubaya meza ile ikiwekewa bao badala ya karata.